Mgongo wa Redio

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti tu. Mtaani, dukani, hata kwa mama yake mzazi, aliitwa Redio, kwa sababu aliamka akisema na kulala akisema. Aliwasimulia wapita njia ndoto zake. Alisoma vibao vya maduka kwa kubuni, maana herufi alikuwa bado hazijui. Wateja wa bibi yake aliwauliza maswali ambayo hata wake zao wasingethubutu: "Mbona unaagiza godoro la mtu mmoja, na wewe una mke?"

Bibi ndiye aliyekuwa msikilizaji wake mkuu. Alikuwa fundi wa magodoro na mito, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, laini wa moyo. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: meza ndefu, cherehani, vitambaa vya mistari, na pembeni sufi imelundikwa mpaka usawa wa kifua. Mama Redio, binti yake wa pekee, alikuwa mpokea simu kwenye kampuni ya mizigo; alitoka asubuhi, akarudi jioni sauti imemkauka. Baba Redio alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuandama kama mwezi. Kwa hiyo kutwa walikuwa wawili, bibi na mjukuu, na usiku walilala kitanda kimoja.

"Mke mwenzangu," Bibi alikuwa akimwita, "hebu nipe uzi."

"Uzi upi, mke mwenzangu?"

Babu alifariki kabla Redio hajazaliwa, lakini hilo halikuvunja ndoa. Waligawana marehemu bila ugomvi: Bibi alichukua kumbukumbu, Redio akachukua kofia.

Mabadiliko yalikuja kwa kunyata. Kwanza Redio aliacha kukimbizana na watoto wa jirani, akawa anakaa mlangoni akiwatangazia tu nani kashinda nani kashindwa. Bibi alidhani mtoto anaanza kutulia. Halafu siku moja kifungo kilimponyoka Bibi, kikabingirika chini ya meza, na Redio akakifuata. Hakuinama. Alichuchumaa mgongo umenyooka kama mwiko, akakiokota, kisha akajiinua polepole, mikono ikijishika mapajani hatua kwa hatua, kana kwamba anaupanda mwili wake mwenyewe.

"Ee, bibi harusi!" Bibi alicheka. "Nani kakufundisha madaha hayo?"

"Mgongo wangu umeamka vibaya," alisema Redio, kisha akanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikomkata Bibi kicheko.

Jioni akimwogesha, alipitisha kiganja chenye sabuni kutoka shingoni kushuka chini. Katikati ya mgongo kidole kilikwama. Palikuwa na kitu kimetokeza, kigumu, kama kokwa ya tende chini ya ngozi. Alipokigusa kidogo tu, Redio alipiga yowe, akamshika bibi yake shingo kwa mikono yote miwili.

Zahanati ya mtaani iliwapa dawa ya maji ya maumivu na maneno ya kutuliza: watoto huanguka, huficha, itapona. Haikupona. Redio akawa anapandwa na joto kila jioni, mashavu yakapwaya, usingizini akawa analia bila kuamka. Jirani mmoja, mwenye nia njema na sauti kubwa, alimjua mkandaji hodari wa kunyoosha migongo.

"Mgongo wa mwanangu si shuka," Mama Redio alimjibu, "hauvutwi pembe mbili ukanyooka."

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, na wote watatu wakaenda hospitali kubwa, kwa daktari wa mifupa ya watoto.

Daktari alikuwa mwanamume mnene mwenye viatu vya raba na sauti ya chini. Hakuanza na mgongo. Alianza na Redio.

"Shikamoo, daktari," alisema Redio. "Wewe ndiye unayevunja mifupa au unayeiunga?"

"Marahaba. Mimi naiunga. Anayevunja yuko chumba cha pili, lakini leo hakuja."

Redio alicheka, na Bibi, aliyekuwa hajakisikia kicheko kile kwa siku nyingi, alimpenda daktari papo hapo. Daktari akadondosha kalamu sakafuni kama kwa bahati mbaya. "Lo! Niokotee, mama." Redio akachuchumaa vilevile, mgongo wima, akaileta. Daktari aliipokea, lakini macho yake yalikuwa yameacha mzaha. Akampapasa pingili moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole, akamgonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, akamkuna nyayo, akamwambia asukume kiganja chake kwa mguu, kwa nguvu zote.

"Nikikuangusha usilie," Redio alimwonya.

"Silii mbele za watu."

Picha za eksirei zikapigwa. Daktari aliziweka kwenye kioo chenye taa, akawaonyesha: pingili zimepangana vizuri kama vikombe kabatini, ila mahali pamoja mbili zilikuwa zimelika kwa mbele, zimeegemeana, na nafasi ya katikati haikuonekana.

"Tutachukua kipimo kwa sindano kuhakikisha," alisema, "lakini sitawaficha ninachofikiri. Hiki ni kifua kikuu cha uti wa mgongo."

Mama Redio alimkodolea macho. "Kifua kikuu? Mbona hata hakohoi?"

"Jina ndilo linalotudanganya, mama. Wadudu wake huingia kifuani, lakini kwa mtoto wanaweza kusafiri na damu wakajenga mahali pengine. Wa huyu wamejenga mgongoni. Habari njema ni mbili. Miguu yake bado ina nguvu, mmewahi. Mngekawia, ingeanza kulegea. Na ya pili, hiki kinatibika kwa vidonge. Safari yake ni ndefu, lakini ni vidonge." Kisha akashusha sauti zaidi. "Sasa nina swali. Chake yeye hakiambukizi. Yeye kaambukizwa. Nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa?"

Bibi alikuwa amekishikilia kikohozi chake tangu foleni ya asubuhi, amekibana kwa leso, amekimeza kwa maji. Alikuwa akikohoa tangu kabla ya mvua. Lakini fundi wa sufi asiyekohoa ni kama mpishi asiyenuka moshi. Miaka yote alikohoa na miaka yote kikapita. Safari hii hakikupita, na sketi zake zote alikuwa amezipunguza kiunoni, lakini hilo alilifanya kwa mikono yake bila kulifikiria kwa kichwa chake.

Mama Redio aligeuka taratibu, akamtazama mama yake.

"Ni sufi," alisema Bibi. "Daktari, mimi ni vumbi la sufi tu." Na hapo hapo kikohozi kikampasuka.

Kitengo cha kifua kikuu kilikuwa nyuma ya hospitali, kibanda chenye mabenchi ya nje na upepo mwingi. Muuguzi alimpa kikopo, akampeleka mahali pa wazi akakohoe. Majibu yalipotoka, Bibi aliyapokea akiwa amesimama, kisha akakaa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali ile alikuwa ameitamka mara ngapi maishani, akiwasema wengine? Leo nguo ilikuwa yeye. Alikumbuka kitanda chao kimoja, uso wa mtoto umelala kifuani pake, yeye akikohoa gizani na Redio akimpigapiga mgongo kwa kiganja kidogo akisema, pole, mke mwenzangu. Kulikuwa na hadithi za vizee wanaokula wajukuu zao. Alikuwa akizicheka. Siku ile hakuzicheka.

"Nimemla mwenyewe," alimwambia muuguzi.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa akihesabu vidonge na hakuinua kichwa. "Nawe, mama, nani alikuambukiza?"

"Nitajuaje?"

"Basi na huyo hakujua. Wala wewe hukujua. Meza hivi mbele yangu, kisha ulie ukipenda. Ila maji ninayo ya vidonge tu, ya machozi sina."

Bibi alimeza.

Mama Redio alipimwa naye, akakutwa salama. Jioni ile hakumwuliza mama yake kitu zaidi ya kimoja.

"Mama, ulijua?"

"Sikujua, mwanangu."

"Basi," alisema Mama Redio, akaingia ndani. Neno hilo moja lilimkaa Bibi kooni kuliko vidonge vyote.

Sindano ya kipimo ilithibitisha maneno ya daktari, na Redio akalazwa. Alitakiwa kulala chali, mgongo upumzike, mpaka atengenezewe kizibao kigumu cha kuushikilia. Bibi naye aliambiwa akae mbali na wodi ya watoto mpaka vidonge viue makali ya ugonjwa wake. Alihamishia mkeka karakanani, akafungua madirisha yote, akalala peke yake na sufi. Hakuwahi kulala usiku mrefu kama ule wa kwanza.

Asubuhi simu yake iliita. Ilikuwa namba ya Mama Redio, lakini sauti haikuwa yake.

"Bibi, wanataka nimeze. Wamesema ni vitamu. Si vitamu, ni vya uongo."

"Meza, mjukuu wangu."

"Wewe umemeza?"

Bibi alitazama pakiti yake mezani, bado haijafunguliwa. "Bado."

"Basi tumeze pamoja. Nikisema moja, mbili, tatu. Usinidanganye, nitasikia koo."

Walimeza pamoja. Redio alisikiliza kwa makini sana, akatoa hukumu kwamba koo la Bibi limepiga kelele kama bomba. Tangu siku ile ikawa desturi: asubuhi hakuna anayemeza peke yake. Na haikupita muda mrefu, simu ikaja saa isiyo ya vidonge, kwa mnong'ono wa hatari.

"Bibi. Nakojoa rangi ya machungwa."

"Hata mimi," Bibi alinong'ona pia, ingawa karakanani hakuwepo mtu. "Muuguzi kasema ni dawa, haina neno."

"Kumbe na wewe!" Redio alifurahi kama aliyepata ndugu ughaibuni. "Tusimwambie mtu, watatuonea wivu."

Wodi ya watoto ilikuwa ghorofa ya chini, na dirisha la kitanda cha Redio lilitazama uani, kwenye kamba za kuanikia mashuka. Bibi aliomba ruhusa kwa muuguzi wa miwani, akavaa barakoa, akaenda kusimama kule uani, hatua nyingi kutoka dirishani, shuka nyeupe zikimpiga kichwani. Lakini mtoto aliyelazwa chali hawezi kutazama nje. Bibi alimsikia tu akitangaza habari za wodi: nani kachomwa sindano, nani kalia, nani kajidai hakulia. Ghafla sauti ilikatika.

"Bibi! Nakuona!"

Mama Redio alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika kioo chake cha mkononi, kile cha kupakia poda, amekiinamisha hivi na hivi mpaka akampata mama yake ndani yake, mdogo kama stempu, kati ya mashuka mawili. Hakumpungia mkono. Hakumsemesha. Lakini alikishika kioo kile kwa muda mrefu, akibadilisha mkono kila mkono ulipochoka, mpaka Redio alipomaliza habari zake zote. Na habari za Redio, kila mtu anajua, hazikuwa za kumalizika upesi.

Kizibao kilipokuwa tayari, Redio alikiita gamba. Kilikuwa cha plastiki ngumu, vipande viwili vya mbele na nyuma, vimeungwa kwa mikanda. Alipovishwa na kusimamishwa mara ya kwanza, magoti yalitetemeka, akawashika mikono daktari na mama yake, akatazama wodi yote kutoka juu.

"Mmekuwa wafupi," aliwaambia watoto wenzake.

Alirudi nyumbani, na kwa wakati huo Bibi alikuwa amepimwa tena, akaambiwa hana tena cha kumwambukiza mtu. Mlangoni alisimama mikono nyuma, anaogopa kumgusa. Redio alimjia mbio za kobe, gamba likigonga kila alipopita, akamkumbatia miguu. "Kwa nini umesimama kama mgeni? Hii nyumba yako."

Vitanda vikawa viwili sasa, lakini mchana ulirudi kuwa wao.

Gamba liliwachosha. Wakati wa joto lilimtoa Redio jasho, likamkwaruza chini ya makwapa. Bibi alishindwa kuvumilia. Alichukua sufi safi, akashona mito midogo myembamba kwa ustadi wake wote, akaipachika ndani ya kizibao kila mahali alipoona pekundu. Redio alistarehe. Bibi naye alilala usingizi mnono, akijiona amefanya jambo ambalo hospitali nzima haikulifikiria.

Siku ya kurudi kwa daktari, kizibao kilifunguliwa. Daktari aliingiza mkono, akavuta, akatoa mto mmoja, wa pili, wa tatu, akaipanga mezani.

"Nani ametia godoro humu?"

"Ni siri," alisema Redio. "Ya Bibi."

Bibi alitamani sakafu impokee. Daktari hakumfokea. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akamshika kiwiko kwa mkono mmoja, kwa nguvu kidogo. "Bibi, gamba hili ni mkono wangu. Mchana kutwa namshika hivi, asiiname mahali pabaya, mpaka mifupa iungane. Ukiweka mto katikati," akalegeza mkono, "ninamwachia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwanangu. Nisamehe."

"Lakini mkwaruzo ni wa kweli. Hapa kwapani fundi wetu atapunguza plastiki. Na wewe mshonee fulana za pamba za kuvaa chini yake, zisizo na mishono ubavuni. Nyembamba! Si magodoro."

Bibi alishona fulana mpaka zikazidi sanduku. Mama Redio alipozikuta zimeanikwa, safu nzima ya fulana ndogo kamba kwa kamba, alicheka peke yake uani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka nyumbani pale tangu siku ya kikopo, na Bibi alimsikia akiwa karakanani, akatega sikio, asiguse cherehani mpaka kicheko kiishe.

Bibi alimaliza dawa zake kwanza. Mapafu yalihitaji nusu mwaka, mfupa ulihitaji mwaka mzima. Alipotangaza kwamba kesho hamezi tena, alidhani atapongezwa. Redio alimtazama kama msafiri aliyeachwa na gari kituoni.

"Kwa hiyo unaniacha njiani?"

"Mimi nimepona, mke mwenzangu."

"Hujaniuliza."

Asubuhi yake alifunga mdomo, na vidonge vikayeyukia kwenye kijiko. Mama Redio alibembeleza, akatishia, akaangalia saa ya kazi. Mwishoni Bibi alienda jikoni, akarudi na kijiko chenye maji ya ndimu, makali, bila sukari. "Hiki si dawa," alisema, "sikudanganyi. Lakini ni kikali kuliko chako. Haya, moja, mbili, tatu." Uso aliokunja ulikuwa wa kutisha hata Redio akacheka, na katika kucheka akameza. Nusu mwaka mwingine mzima Bibi alikunywa ndimu kila asubuhi, naye alikuwa mtu aliyechukia ndimu tangu utotoni.

Mwaka ulipotimia, daktari aliweka picha mbili kwenye taa, ya zamani na mpya. Zile pingili mbili zilikuwa zimeungana, zimekuwa kitu kimoja kigumu, cheupe. Kinundu kidogo kingebaki, aliwaambia wazi, hakitarudi ndani. Kila mwaka angempima mpaka amalize kurefuka, kuona mgongo haupindi zaidi. Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha, na gamba lilikuwa limekwisha.

"Uliza swali lolote," alimwambia Redio.

Redio alifikiri. Mdomo ulianza kumcheza, macho yakajaa. "Sasa nitakuwa nakuja huku kufanya nini?"

Daktari aliyesema halii mbele za watu aligeukia picha zake, akazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

Walipotoka, Redio alipita kuwaaga wauguzi wote, na jambo hilo halikuwa la dakika mbili. Bibi na binti yake wakakaa kwenye benchi la ukumbini kumsubiri. Watu walipita na mafaili. Mama Redio alikuwa akichezea mkanda wa mkoba wake.

"Mama. Nilikukasirikia sana."

"Nilijua."

"Sikukwambia."

"Ulikuwa unaosha sufuria kama unazichapa. Nilijua."

Mama Redio alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, cha kimya, mabega yakitikisika. Bibi alimvuta kichwa akakilaza begani pake, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo kuliko Redio, akamfuta uso kwa pembe ya kanga yake.

"Nilidhani nitawapoteza nyote wawili," alisema binti. "Nikawa simjui wa kumwonea uchungu kwanza. Kukasirika kulikuwa kwepesi."

"Sote tupo," alisema Bibi. "Mmoja ana nundu, mmoja anachukia ndimu. Tupo."

Kutoka mwisho wa ukumbi sauti ilikuwa ikipanda. Redio alikuwa amemshika muuguzi wa miwani mkono, anamweleza jinsi mifupa inavyoungana, na muuguzi, aliyekuwa na wagonjwa foleni nzima, alikuwa akiitikia kwa kichwa kama anayelisikia jambo hilo mara ya kwanza.

"Nenda ukamtoe," alisema Bibi, "kabla hajaajiriwa."

Mama Redio alijifuta macho, akainuka, akaenda.